Mikono Inayoiuliza Damu

Ukitoka Goma, ukapita Sake, ukapanda milima ya Masisi na kuteremkia Nyabiondo, tope linazidi na msitu unasogea karibu na barabara. Mbele yake ndiko Kashebere, mahali Masisi inapokutana na Walikale, Wahunde na Wanyanga wakipatana bei kwa Kiswahili sokoni. Chanjo hufika huko kwa pikipiki, ndani ya kasha baridi lililokazwa kwa mipira nyuma ya dereva. Muuguzi anayeipokea haanzi na sindano. Anaanza na chupa, akitazama alama iliyochapwa juu yake: mraba mdogo ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana nalo rangi au kulizidi weusi, chupa imeshapigwa na joto na haichomwi mtu. Akiridhika anachanja, anajaza kadi, na mama anamfunga mtoto mgongoni kurudi nyumbani.

Lakini mwili wa yule mtoto umeisikia chanjo? Kadi haiwezi kusema. Kadi inasema amechomwa, na kuchomwa si kukingwa. Chanjo ya surua ikitolewa katika umri wa miezi 9, watoto wapatao 85 kati ya 100 hupata kinga. Ikitolewa katika miezi 12, idadi inapanda hadi 95 hivi. Sababu mojawapo ni kwamba kingamwili alizopewa na mama yake tumboni bado zinazunguka katika damu ya mtoto mchanga, na zinaikamata chanjo kabla haijafanya kazi yake. Hao 15 waliokosa wanacheza na wenzao, wana kadi safi, na hakuna awezaye kuwatambua kwa macho.

Kuna watu ambao kazi yao ni kuwatambua. Hawaonekani kwenye picha za kampeni za chanjo, kwa maana wao huja baada ya kampeni, wakiwa na mirija ya damu na kalamu ya wino usiofutika. Kwa muda mrefu nimeistaajabia kazi yao, na naona haijasifiwa inavyostahili.

Ustadi wao unaonekana wazi zaidi pale damu inapojibu kwa sauti ndogo sana, na hakuna damu inayonong'ona kama ya mtu aliyepandikizwa figo. Katika ukanda wetu watu wa namna hiyo wanaongezeka. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilianza mwaka 2023, na Mulago ya Kampala ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kutoka Kivu, wenye uwezo huenda India, wakarudi na figo ya ndugu na mfuko wa dawa ambazo hawataziacha maisha yao yote. Zilizozoeleka ni tatu: tacrolimus, mycophenolate na prednisolone. Kazi yake ni kuutuliza mwili usiishambulie figo ngeni. Shida ni kwamba mwili uliotulizwa kwa figo umetulizwa pia kwa chanjo. Mycophenolate hasa inazuia chembe za kinga zisizaane, na chanjo inategemea kuzaana kwa chembe hizohizo. Mgonjwa anachomwa sindano ileile aliyochomwa jirani yake. Jirani anapata kinga, yeye pengine hapati kitu. Usipompima, utamwambia uongo bila kukusudia.

Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa ELISA. Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walikichapisha mwaka 1971, na hadi leo kinafanywa karibu vilevile. Chombo chake ni sahani ya plastiki angavu inayoenea kwenye kiganja, yenye vishimo 96, safu 8 kwa 12. Jioni fundi anatia katika kila kishimo tone lenye antijeni, yaani kile kipande cha kirusi ambacho chanjo ilikusudia kuufundisha mwili. Sahani inalala kwenye jokofu, nyuzi 4, na usiku kucha antijeni inanata kwenye plastiki. Asubuhi inaoshwa, kisha yanaingia maziwa. Ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ya aina inayouzwa dukani, yamekorogwa katika maji yenye chumvi. Protini za maziwa zinajaza kila nafasi iliyobaki tupu, ili kingamwili za mgonjwa zisije zikanata ovyo na kuleta jibu la uongo. Mashine ya kusoma sahani inagharimu maelfu ya dola, na ukweli wake unalindwa na kijiko cha maziwa.

Ndipo inapoingia damu, au tuseme majimaji yake ya manjano baada ya chembe kutenganishwa. Fundi hayatii kama yalivyo. Anayazimua: sehemu moja kwa hamsini, kisha kwa mia, kwa mia mbili, kwa mia nne, anakwenda hivyo hadi jibu litoweke. Mwenye kingamwili nyingi ataendelea kujibu hata akizimuliwa mara elfu kadhaa. Aliyepandikizwa figo huenda akanyamaza kwenye kishimo cha kwanza au cha pili. Kwa hiyo kila tone lazima liwe sawasawa na jingine, na tone lenyewe ni sehemu ya kumi ya mililita au chini ya hapo.

Tazama kidole gumba cha fundi aliyekomaa. Anaibonyeza pipeti hadi kizuizi cha kwanza kabla ya kuichovya, si baada. Anavuta taratibu, anasubiri kidogo, anagusisha ncha ukutani mwa kishimo na kuachia bila kutoa povu, kwa sababu povu hupotosha mwanga wa mashine. Kila sampuli ina ncha yake mpya. Na ukikaa karibu utaona jambo ambalo halimo katika maelekezo ya kiwanda: ncha anazitoa ndani ya boksi kwa mpangilio uleule wa vishimo. Akikatizwa, simu ikilia au umeme ukicheza, anatazama boksi. Nafasi iliyo wazi inamwambia kishimo gani kimeshatiwa. Boksi tupu limekuwa kumbukumbu yake, maana majimaji yote yanafanana na jicho lililochoka haliwezi kuaminiwa.

Kuosha nako ni kazi. Kunafanana na kupepeta mchele: pumba iende, punje ibaki, na mkono ndio unaojua nguvu ya kutumia. Ukiosha kidogo, uchafu unabaki na sahani nzima inageuka rangi kana kwamba kila mtu ana kinga. Ukiosha kwa pupa, unang'oa hata zile kingamwili chache zilizonata, na mgonjwa mwenye jibu dogo anahesabiwa hana. Mwisho wa kila mwosho sahani inapinduliwa na kugongwa juu ya karatasi ya kufyonza, mara mbili tatu. Wazoefu wanajua kwa mlio tu kama imekauka.

Baada ya hapo inatiwa kingamwili ya pili, mara nyingi ya mbuzi, iliyofundishwa kukamata kingamwili za binadamu na kufungwa kimeng'enya. Kisha dawa ya rangi. Vishimo vyenye jibu vinaanza kuwa bluu, vingine upesi, vingine kwa kusitasita. Fundi ana saa mkononi. Dakika zikitimia anatia asidi, bluu inageuka manjano, na anaitia kwa utaratibu uleule alioanza nao: safu iliyotangulia kutiwa dawa ya rangi ndiyo inayotangulia kusimamishwa, ili zote ziwe zimepewa muda ule ule. Mashine inapitisha mwanga wa nanomita 450 na kutoa namba 96.

Mtu asiyejua angedhani jibu limepatikana. Fundi bado hajatazama wagonjwa. Anaanza na mashahidi wake: kishimo chenye damu inayojulikana kuwa na kingamwili, kingine chenye damu inayojulikana kuwa haina, na kingine kisicho na damu kabisa. Anatazama pia kama vishimo viwili vya mtu mmoja vimekubaliana. Shahidi mmoja akisema kisivyo, sahani nzima inatupwa, na kazi ya siku mbili inaanza upya. Nawaheshimu mno watu wanaoweza kutupa namba nzuri kwa sababu shahidi amekosea. Katika kazi nyingi tunazozijua, namba nzuri ingesafirishwa hivyohivyo hadi ofisini.

Na mashahidi hawapatikani kirahisi. Korona ilipofika, wataalamu wa KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi walitaka kupima kingamwili kwa Wakenya waliochangia damu mwaka 2020. Walihitaji kujua kama kipimo chao hakitawahesabu watu ambao hawajawahi kukutana na kirusi. Wakafungua majokofu na kutoa seramu 910 zilizochotwa Kilifi mwaka 2018, wakati ugonjwa ule haukuwapo duniani. Asilimia 99 zilitoka safi. Aliyezihifadhi seramu zile, akaziandika majina ya siri na tarehe kwa mkono usiotetemeka, hakuwa na habari ya korona. Bila uangalifu wake, kipimo cha Kilifi kisingekuwa na mtu wa kukidhamini.

Kwa waliopandikizwa viungo, namba zilizotoka mwaka 2021 zilishtua madaktari. Timu ya Johns Hopkins nchini Marekani iliwapima watu 436 waliopandikizwa viungo baada ya dozi ya kwanza ya chanjo ya korona ya aina ya mRNA. Kingamwili zilionekana kwa 76 tu, yaani asilimia 17. Baada ya dozi ya pili, kati ya watu 658, waliojibu walikuwa asilimia 54. Waliokuwa wakitumia mycophenolate na dawa za jamii yake ndio waliojibu kwa uchache. Kule Toulouse, Ufaransa, watu 101 walipewa dozi ya tatu: kabla yake waliokuwa na kingamwili walikuwa asilimia 40, wiki nne baadaye wakawa 68. Nchi zikabadilisha taratibu zake za dozi kwa watu hawa, na mabadiliko hayo yalitoka kwenye vishimo vya manjano hafifu ambavyo mtu mwenye haraka angevipita.

Mabingwa wa kazi hii wana nidhamu nyingine ninayoipenda: hawasemi zaidi ya walichopima. Kwa homa ya ini aina ya B kuna kiwango kinachokubalika: miliyuniti 10 kwa kila mililita ya seramu. Ndicho kiwango anachopimwa mgonjwa wa kusafishwa damu mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza dozi, ambazo kwake huwa maradufu. Akiwa chini yake, anachanjwa tena. Kwa Ebola hakuna kiwango kilichokubaliwa ambacho ukikivuka unatangazwa salama. Kwa hiyo fundi anaandika "kingamwili zimeonekana" na kalamu inaishia hapo. Daktari anaweza kumsihi, mgonjwa anaweza kumlilia, yeye hataandika "amekingwa". Na akinyamaza mtu kwenye sahani, hataandika "hana kinga" vilevile, kwa kuwa zipo chembe za kinga zisizotoa kingamwili, ambazo hupimwa kwa njia nyingine: chembe hai zinawekwa juu ya utando, zinachokozwa na kipande cha kirusi, na kila chembe inayoamka inaacha doa la kuhesabika. Kipimo hicho kinataka chembe zitenganishwe ndani ya saa chache tangu damu ichotwe. Kwa barabara ya Kashebere wakati wa mvua, saa chache hazifikishi hata Masisi.

Kazi hii imefanyika kwetu, tena vitani. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mlipuko ule ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umewaua watu 2,287. Chanjo iliyotumika ilihitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Katikati ya hekaheka hiyo, watafiti wa INRB, taasisi ya kitaifa ya Kongo ya utafiti wa kitabibu iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwafuatilia watu 608 huko Beni. Walichota damu siku ya chanjo, wakachota tena baada ya siku 21, kisha baada ya miezi 6. Asilimia 87.2 walikuwa na jibu siku ya 21, na asilimia 95.6 katika mwezi wa 6.

Damu ile ya kwanza, ya siku ya chanjo, ndiyo inayonivutia. Kumchota mtu kabla hajapata chochote kunaonekana kama kumsumbua bure, hasa mahali ambapo risasi zinalia na uvumi kuhusu damu unatembea haraka kuliko gari. Bila damu hiyo, ukikuta kingamwili baadaye huwezi kujua kama zimeletwa na chanjo au zilikuwapo. Kumrudia mtu yuleyule baada ya miezi 6, Beni ya wakati ule, watu wakihama kwa usiku mmoja, kulitaka uaminifu wa pande zote mbili: aliyeahidi kurudi, na aliyenyoosha mkono mara ya tatu.

Ujuzi huu una mizizi mirefu kwa Wakongo. Mwaka 1995 huko Kikwit, Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 wa Ebola damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wengi nje ya nchi walitia shaka. Lakini damu ya mmoja wa walionusurika Kikwit ilipochunguzwa zaidi ya miaka 10 baadaye, ilikutwa bado ina kingamwili, na moja kati yake ikatengenezwa dawa, mAb114. Ilijaribiwa Kivu Kaskazini kuanzia Novemba 2018 na ikawa moja ya mbili zilizopunguza vifo kuliko nyingine. Mgonjwa wa Butembo alitibiwa kwa kumbukumbu iliyokuwa imekaa katika mwili wa mtu wa Kikwit.

Chanjo ile ya Ebola ina jambo moja linalomgusa aliyepandikizwa figo kuliko wengine: imetengenezwa kwa kirusi kilicho hai. Ndivyo ilivyo pia ya surua na ya homa ya manjano. Kwa mwili uliotulizwa kwa dawa, chanjo hai kwa kawaida haitolewi, kwa hofu kwamba kirusi kilichodhoofishwa kitapata nafasi ya kustawi. Mtu wa Goma anayerudi na figo mpya anaishi katika nchi ya homa ya manjano na ya Ebola huku milango hiyo ya kinga ikiwa imefungwa nyuma yake. Zile chanjo zisizo hai anazoruhusiwa ndizo zinazostahili kupimwa kwa makini zaidi, maana ndizo alizobakiwa nazo.

Je, Kashebere iko nje ya haya yote? Sivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 hadi 2014, wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika majimbo ya Kongo wakichukua damu ya watoto kidoleni, matone machache juu ya karatasi ya kuchujia. Karatasi inakauka, inafungwa kwenye mfuko pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, na inasafiri bila barafu. Maabarani inatobolewa kiduara kidogo, kinalowekwa, na kingamwili za surua au pepopunda zinatoka na kupimwa. Hapo tope la Nyabiondo halina nguvu. Lakini hata karatasi inadai mkono mzuri: tone lijaze duara kwa mkupuo mmoja, lisirundikwe juu ya tone jingine, na likauke kivulini, mbali na nzi. Muuguzi anayejua kusoma ule mraba wa chupa anaweza kujifunza hili kwa siku moja.

Kinachohitaji kulindwa ni maabara zenyewe. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na umeme kukatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari kuhusu maabara ya INRB mjini humo, ambako sampuli za Ebola na vimelea vingine zilihitaji umeme ili zibaki salama. Watu wengi walisikia neno Ebola wakaogopa, na walikuwa na haki. Mimi niliwaza pia juu ya seramu, zile zinazoweza kuwa mashahidi wa ugonjwa ambao bado hatuujui. Mitambo hununuliwa tena. Damu ya mwaka 2018 hainunuliwi.

Ndugu msomaji, kama una jamaa anayengoja kupandikizwa figo, mhimize akamilishe chanjo zake kabla ya upasuaji, zile za kirusi hai zikitangulia kwa wiki nne au zaidi, na mwulize daktari wake lini damu itapimwa ili ijulikane kama imejibu. Kama ameshapandikizwa, chanjweni ninyi mnaokula naye sahani moja, kwa ushauri wa daktari huyohuyo, kwa sababu kinga ambayo mwili wake haukuweza kuitengeneza ataipata kwenu. Na siku mtu wa maabara akikuomba damu mara ya pili, hata ya tatu, mpe mkono. Anarudi kwa kuwa hataki kukisia.